Kidole cha Nakala Tano

Bi Taipu alikuwa na vidole kumi kama watu wengine, ila vya kwake vililingana. Si kwa urefu, kwa nguvu. Kwa wengi wetu kidole cha shahada ndicho mfanyakazi, na kile cha mwisho ni mgeni tu aliyekuja kula. Mikononi mwa Bi Taipu hapakuwa na mgeni. Miaka thelathini na moja ya kupiga taipu katika masijala ya ofisi ya serikali ilikuwa imevifunza vyote kumi kazi moja kwa uzito mmoja.

Na uzito wenyewe haukuwa wa mchezo. Ofisi ile ilitaka kila barua iwe na nakala tano: ya faili, ya mhasibu, ya bosi, ya bosi wa bosi, na moja ambayo hakuna aliyejua inakwenda wapi, lakini ikikosekana barua nzima inarudishwa. Karatasi sita na kaboni tano, zote zinasukumwa kwenye mashine kama godoro linalopitishwa kwenye mlango mwembamba. Mpiga taipu akilegeza kidole, nakala ya tano inatoka kama imeandikwa na mzuka. Nakala ya tano ya Bi Taipu ilisomeka. Hata ubao wa meza uliokuwa chini ulisomeka kidogo.

Kisha zikaja kompyuta. Siku ya kwanza kibodi ilidumu mpaka saa nne asubuhi; herufi A iliruka ikatumbukia kwenye kikombe cha mhasibu, na mhasibu hakugundua mpaka alipokunywa. Kibodi ya pili ilidumu mpaka Alhamisi. Wakubwa wakakaa, wakaona heri wampe heshima zake aende nyumbani. Walitaka kumzawadia saa ya ukutani. Yeye aliitazama ile saa, akaigeuza nyuma, akaona betri haimo, akasema anashukuru sana ila angependa ile mashine yake ya taipu. Wakamwambia ni mali ya serikali, haitoki bila barua ya kuifuta kwenye vitabu. Barua akaiandika mwenyewe, nakala tano, akaiweka kwenye trei pamoja na nyingine. Bosi alitia sahihi bila kusoma, maana barua zilizopangwa vizuri hazisomwi.

Ndivyo alivyokuwa: hakupenda kupewa kitu asichokichagua.

Sasa, kaka yake alikuwa na mtoto wa kiume, mtu mzima mwenye kitambi na leseni ya biashara, aliyeitwa Spika kwa sababu hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini, hata liwe siri. Spika alikuwa na duka la vyombo vya muziki vilivyotumika. Aliuza maiki, vinanda, waya za kila rangi, lakini zaidi aliuza mashine za biti. Kwa asiyezijua, mashine ya biti ni kisanduku cha ukubwa wa sinia, na juu yake kuna vipande kumi na sita vya mpira, safu nne za vinne vinne. Wenyewe wanaviita padi. Ukigonga hapa unapata ngoma kubwa, ukigonga pale unapata ngoma ndogo, kule matoazi, kule makofi. Na padi iliyo nzima ina masikio: ukiigusa inanong'ona, ukiipiga inapayuka. Ikizeeka inakuwa kama baba mkwe. Ama haisikii kabisa, ama inasikia lisilosemwa.

Wateja wa Spika hawakujua kupima masikio hayo. Walikuwa wakibonyeza padi moja moja kwa kidole cha shahada, du, du, du, wanasema safi, wanalipa. Wiki ya pili wanarudi na uso mwingine.

Bi Taipu aliingia dukani siku moja kuazima waya mrefu wa umeme. Spika alipokuwa akiutafuta, shangazi mtu akaweka mkoba chini, na vidole vyake, vilivyoona kitu chenye safu, vikajipanga vyenyewe. Vikaandika: kwa heshima na taadhima, naomba likizo yangu ya mwaka kuanzia tarehe iliyotajwa hapo juu. Ilitoka ngoma ambayo watu wawili waliokuwa mlangoni waligeuka kuitazama. Yeye alikunja uso.

"Hii ya tatu kutoka kushoto inaniibia," akasema. "Nimeipa sawa na wenzake, imenirudishia nusu."

"Shangazi, hiyo ni mpya kabisa. Imetumika mara mbili tu."

"Basi mara zote mbili ilitumika kuvunjia nazi."

Spika aliifungua kuonyesha kwamba anasingiziwa. Chini ya mpira wa tatu, utando mwembamba unaopokea mguso ulikuwa umepasuka kama kisigino.

Biashara ni macho, na Spika alikuwa nayo. Papo hapo akamwomba shangazi awe anapita pita kumsaidia. Bi Taipu akavuta kiti.

"Kusaidia ni kwa ndugu," akasema. "Mimi shangazi yako mwisho wangu ni pale mlangoni. Nikishaingia humu ni mtaalamu."

Walikubaliana hivi: atalipwa kwa kila mashine anayopima, iwe imepita au imeanguka, ili asije akashawishika kuipitisha mbovu. Atakuwa na kiti chake chenye mikono. Saa nne atapata chai ya maziwa. Na kila mashine iliyopita itafungwa kikadi alichokiandika yeye kwa mashine yake ya taipu: IMEPIMWA. INASIKIA. B.T. Hilo la mwisho Spika alilikubali huku akicheka, na hapo ndipo alipopunjwa, kwa maana baada ya miezi sita watu hawakuwa wakiulizia mashine, walikuwa wakiulizia kadi. Duka la ng'ambo ya barabara liliiga kadi zile. Mteja mmoja akaja na moja ya hizo kubishana. Bi Taipu akaigeuza, akapitisha dole gumba mgongoni mwake, akamrudishia. "Hii haijapigwa," akasema. "Ona ilivyo laini. Kadi yangu ina makovu."

Wanamuziki nao wakaanza kuja kukaa tu, kusikiliza anavyopima.

"Bi Taipu, tupe ile ya likizo."

"Ya likizo kila mtu anayo sasa. Chukua ya kuomba uhamisho. Inakwenda taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuhamishwa haraka."

"Na ya malalamiko?"

"Ya malalamiko inaanza kwa upole, halafu inapanda. Lakini hiyo nunua kwanza mashine."

Hiyo ndiyo raha aliyokuwa nayo, na huo ndio ulikuwa ufalme wake: kiti, chai na kadi. Halafu ikaja barua ya chuo.

Chuo cha muziki kilikuwa kimenunua mashine kumi na mbili kwa mkupuo, kupitia karani wao, na karani alikuwa ameahidi kwamba mwaka ujao watachukua nyingine nyingi. Barua ilitoka kwa Mkuu wa chuo mwenyewe. Ilisema padi za mashine zote kumi na mbili ni ngumu, hazisikii mguso, hazifai kwa elimu ya juu, na zitarudishwa Ijumaa. Ilisema pia kwamba kila moja ina kadi ya mtu anayejiita B.T., na Mkuu angependa kujua huyo ni nani na alisomea wapi.

Bi Taipu alijua kuna jambo pale alipoingia dukani na kukuta kwenye kiti chake pamewekwa kasha la maiki. Alijua ni jambo kubwa Spika alipomwamkia kwa sauti ya chini. Hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwingine aliyefungiwa ndani ya Spika.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kafa?"

Akampa barua. Aliisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya makosa ya mpangilio, ambayo yalikuwa manne.

"Nimewaza," Spika akasema, "labda ungepumzika kidogo. Kaka wa mke wangu ana kitu kwenye simu, kinapima sauti chenyewe. Hana haja ya kiti. Siyo kwamba... unajua, Shangazi. Chuo kikirudisha mzigo wote, mji mzima utasikia. Hiyo kadi itakuwa doa."

"Kwa hiyo kadi inaondoka na mimi naondoka."

"Unapumzika."

"Kupumzika ni kuondoka kulikotiwa sukari." Alilinyanyua lile kasha la maiki, akaliweka sakafuni, akaketi. "Alhamisi twende chuoni."

"Lakini wao wanakuja Ijumaa."

"Ndiyo maana tunakwenda Alhamisi. Mzigo ukisharudi dukani umeshakuwa mbovu hata kama ni mzima. Ukiwa bado kwao, ni mazungumzo."

Alikuwa na siku tatu. Siku ya kwanza alizichukua mashine zote zilizobaki dukani, akazipima upya, zote zikasikia. Akafikiri, akaona basi kama mashine si mbovu, wa kupimwa ni yeye. Huenda mkono wake ulikuwa mzito kupita kiasi. Akaamua kujifunza kugusa kwa ulaini.

Sasa kugusa kwa ulaini huwezi kujifunzia juu ya meza, meza haisemi. Nyumbani kwake kulikuwa na kitu kimoja tu kilicho laini, kilichotandazika vizuri na chenye kutoa taarifa: upara wa mume wake. Mzee huyu alikuwa dereva wa magari makubwa kabla ya kustaafu, na kila baada ya chakula cha mchana alilala kwenye kochi, kichwa kimeegemea nyuma, kinang'aa. Bi Taipu akasimama nyuma ya kochi, akaandika likizo.

Mzee akafumbua macho kwenye taadhima.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakupima."

"Nimekufa?"

"Bado. Lala."

"Nilikuwa naota mvua ya mawe."

Akajaribu tena kwa vidole viwili, mzee akaamka tena, na safari hii akaketi kabisa, kwa kuwa yeye naye hakuwa mtu wa kutoa kitu bure. Kichwa chake, akasema, kina miaka sitini na nane na hakijawahi kukodishwa. Akitaka kukitumia, basi redio ni yake wiki nzima, na viatu vyake vikae mlangoni bila maneno. Walivutana. Walimalizia kwenye redio siku nne na viatu siku mbili.

Kwa mchana wa siku mbili mzee alikaa macho wazi akitoa taarifa kama rubani.

"Hicho kizito. Hicho nacho kizito. Hicho kimenifanya nikumbuke jina la mwalimu wangu wa darasa la pili."

"Na hiki?"

"Hicho ndicho kilichoniamsha jana."

"Hiki nimekugusa tu, baba watoto. Nimekugusa kama kipepeo."

"Kipepeo aliyebeba matofali."

Jumatano jioni, jua bado lipo, Bi Taipu aliacha upara ukiwa mwekundu, akaenda kwenye mashine yake ya taipu. Akapachika karatasi sita na kaboni tano, kama zamani. Akapiga herufi moja kwa ulaini wote alionao, ulaini wa kumshika mtoto mchanga. Akazitoa karatasi, akazitandaza mezani. Herufi ilionekana kwenye karatasi ya juu. Ilionekana nakala ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

Akarudia. Tatu tena.

Akamwita mzee, akamwambia apige herufi yoyote apendavyo. Mzee akapiga. Ilifika nakala ya pili, ikaishia hapo.

Hapo akaelewa, na hakuna aliyehitaji kumweleza. Mguso wake wa chini kabisa ulikuwa nakala tatu. Padi inayosikia kuanzia nakala tatu kwenda juu, kwake ni nzima. Kama chini ya hapo ni kiziwi wa kuzaliwa, yeye hana njia ya kujua. Alikuwa amepima nusu ya juu ya kila mashine na kutia sahihi mashine nzima. Kosa lilikuwa lake. Alilikubali upesi, kama mtu anavyokubali nauli, kwa sababu hakukuwa na wa kumwomba apunguze. Kilichobaki kilikuwa ni kuona kosa hilo linaweza kuuzwa vipi.

Alhamisi asubuhi walifika chuoni, Spika akiwa amebeba mashine ya taipu kifuani kama mtu aliyemwokoa mbuzi kwenye mafuriko, na Bi Taipu nyuma yake na mkoba wenye karatasi, kaboni na roli mbili za tepu ya fundi umeme. Mkuu wa chuo aliwapokea ofisini. Alikuwa mwanamume mwembamba, nadhifu, mwenye suti ya rangi ya maziwa, na alifungua mlango kwa kuutazama mpaka karani akaufungua. Mashine kumi na moja zilikuwa zimepangwa ukutani. Ya kumi na mbili ilikuwa mezani, imewashwa.

"Tazameni wenyewe," akasema Mkuu. Akanyoosha kidole, akakishusha kwenye padi. Kimya. Akahamia nyingine. Kimya. "Zote kumi na mbili, hivi hivi."

"Nani amezipima, Mkuu?" akauliza Bi Taipu.

"Mimi mwenyewe. Moja baada ya nyingine."

"Na wanafunzi wamesemaje?"

"Wanafunzi hawajazigusa. Siwezi kuwakabidhi wanafunzi mali mbovu."

Spika alifungua mdomo. Bi Taipu alimkanyaga mguu, mdomo ukafungwa.

"Mkuu," akasema, "B.T. ni mimi. Nilisomea masijala. Nakuomba wanafunzi kumi na mbili na dakika arobaini. Nikishindwa, mashine tutazibeba sisi wenyewe, na kwenye kila kadi nitaandika kwamba B.T. hasikii."

Mkuu alipenda hilo la mwisho. Wanafunzi wakaitwa, wakasimama mstari ukumbini, na kwenye meza mbele yao Bi Taipu akaiweka mashine yake ya taipu. Wengi hawakuwahi kuona kitu kile. Mmoja aliuliza kinachajiwa wapi.

"Kinachajiwa na wewe," akasema Bi Taipu. "Piga herufi moja, kama unavyogonga ngoma. Usijioneshe."

Wakapiga, mmoja mmoja. Kila mmoja akishapiga, Bi Taipu alizichomoa karatasi, akazihesabu kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, akatangaza.

"Nakala tatu. Mwingine. Nakala tatu na kivuli. Mwingine. Nakala nne, wewe baba yako anafanya kazi gani, mwanangu?"

"Fundi mabati, mama."

"Inaonekana. Mwingine. Nakala moja. Mkono mwepesi huo, usiuharibu. Mwingine."

Walipokwisha, tisa walikuwa na nakala tatu kwenda juu, na watatu walikuwa na nakala moja. Wakagawiwa mashine. Ukumbi ukalipuka. Wale tisa waligonga, na padi zikawajibu zote, ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, na mtoto wa fundi mabati akaangusha chokaa kidogo toka kwenye dari. Wale watatu wa nakala moja waligonga wakapata nusu au wasipate kabisa.

"Hizi tatu ni kosa langu," Bi Taipu akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwa kuwa kosa ukilitaja mwenyewe unalitaja kwa bei yako. "Nilizipima kwa mkono wa nakala tatu. Sikuwa na mwingine. Spika, fungua."

Spika akafungua. Chini ya kila mpira Bi Taipu akabandika kipande cha tepu, mpira ukasogea karibu na utando unaopokea, ili hata mguso mdogo ufike. Tabaka moja, haitoshi. Tabaka mbili. Msichana wa nakala moja akagusa padi kwa ncha ya kidole, na matoazi yakanong'ona kama mtu anayesema jambo la mwenzake. Akacheka, akagusa tena.

Basi mambo yangeishia hapo kwa heshima zote, kama yule mtoto wa fundi mabati asingesema, "Na Mkuu naye apime."

Mkuu akatabasamu tabasamu la mtu asiye na mlango wa nyuma. Akatoa leso, akakifuta kitufe cha herufi M, akakunja leso, akapiga.

Tuseme ukweli, hakupiga. Mkono wa chuma wenye herufi ulinyanyuka kutoka kitandani mwake, ukafika nusu ya njia, ukafikiri, ukarudi kulala. Karatasi ya juu ilibaki nyeupe. Si nakala; barua yenyewe haikuwepo. Mwanafunzi mmoja alikohoa. Mwingine akaona ni vyema naye akohoe. Spika alikuwa ameanza kuvuta pumzi ya kusema, na Bi Taipu akamkanyaga mguu wa pili.

Alijua vizuri anachokiona. Mashine kumi na mbili zilihukumiwa na kidole ambacho hata kengele ya mlango kingeiomba ruhusa. Angeweza kulisema hilo, na ukumbi mzima ungecheka, na mwaka ujao chuo kingenunua vitu vyake ng'ambo ya barabara.

"Mkono wa uongozi," akasema, taratibu, kama daktari anayetaja ugonjwa wa matajiri. "Nimeuona mara mbili tu katika miaka thelathini na moja. Bosi wa bosi wetu alikuwa nao. Watu kama hawa hawagongi, Mkuu. Wanaashiria, na wengine wanagonga."

Mkuu aliutazama mkono wake, mbele na nyuma. "Nilikuwa nahisi hivyo," akasema.

"Mashine ya kawaida haikufai. Ya kawaida imetengenezwa kwa umma. Wewe unahitaji ya tabaka saba."

"Mnazo?"

"Zinatengenezwa kwa mtu. Bei yake imepanda kidogo, kwa ajili ya tabaka."

"Nyinyi mmenikosea kwenye tatu. Lazima kuwe na punguzo."

"Tatu nimezirekebisha mbele ya macho yako, bila kudai hata nauli. Punguzo limeshapita, Mkuu, labda hukuliona." Akaiacha hiyo ikae kidogo. "Lakini kadi yake nitaiandika peke yake: imepimwa kwa mkono wa Mkuu."

Mkuu akanunua. Walikwenda chuoni kutetea mashine kumi na mbili, wakatoka wameuza ya kumi na tatu.

Njia nzima Spika alichechemea miguu yote miwili. Jumamosi dukani, ile ya tabaka saba ikiwa imeshapelekwa kwa Mkuu tangu Ijumaa asubuhi, ndipo sauti yake ilipomrudia, na ikarudi na madeni yake.

"Shangazi, nimekukosea. Jumatatu njoo kama kawaida."

"Kawaida ipi? Ile imekwisha. Kuanzia sasa mteja anapimwa mkono kwanza, na mkono ni malipo yake mbali. Kadi itaandikwa nakala ngapi."

"Haya. Lakini nisaidie hapa." Spika alikuwa na akili za biashara, usimchezee. "Nusu ya juu unaipima wewe. Hiyo nusu ya chini utaipimaje, na vidole vyako ni nyundo? Kaka wa mke wangu bado ana ile simu."

Bi Taipu alifungua mkoba, akatoa harage moja kavu, jekundu. Akasimamisha penseli juu ya padi, akaliachia harage kutoka kwenye ncha ya penseli. Likaanguka. Matoazi yakanong'ona.

"Nakala moja," akasema. "Nimelilinganisha na mkono wa yule msichana mara ishirini kule chuoni, ninyi mkinywa soda. Harage halichoki, halikasiriki, haliumwi mgongo."

Spika aliliokota, akaliachia tena. Nakala moja. Akaliachia kwenye mashine nyingine, ikanyamaza, akaitenga pembeni bila kuambiwa. Alikuwa akiliokota tena simu ilipolia. Alikuwa Mkuu wa chuo, na kwa kuwa simu ya Spika nayo ilikuwa na sauti ya mwenyewe, duka zima lilisikia. Mashine yake ya tabaka saba, akasema Mkuu, inalia akiigusa. Inalia pia akiweka kikombe mezani. Inalia mlango ukifungwa, na jana alipopumua kwa nguvu ilipiga makofi.

Spika alifunika simu kwa kiganja, uso umempauka. "Anarudisha."

"Msikilize amalize," akasema Bi Taipu.

Mkuu alimaliza. Alitaka nyingine kama hiyo, ya nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko hasa hakuna anayemsikia.

Spika aliweka simu chini taratibu. Akamtazama shangazi yake, akalitazama harage, akaona amezungukwa.

"Sawa," akasema. "Kiti chako, kadi yako, na malipo ya mkono tunagawana. Chai saa nne."

"Chai mbili."

"Mbili za nini, Shangazi?"

"Humu ndani sasa kuna wapimaji wawili. Mmoja ni harage, na harage halinywi chai." Alishavuta mashine ya kwanza, amesimamisha penseli. "Ya kwake nitakunywa mimi. Isiwe ya baridi."